Watoto wa Mary Petrucci

Katika makaburi ya Wakatoliki mjini Trinidad, jimbo la Colorado, Marekani, wamezikwa Joe, Lucy na Frank, watoto wa Mary Petrucci. Mkubwa hakufika miaka 5. Mdogo alikuwa angali ananyonya. Wote walikufa siku moja, tarehe 20 Aprili 1914. Kwa nini, msomaji?

Familia hiyo ya asili ya Kitaliano iliishi kwa kuchimba makaa ya mawe. Nyumba zilikuwa za kampuni, na duka la kampuni pia. Basi, wachimbaji walipogoma Septemba 1913, walifukuzwa na wake na watoto, wakapiga mahema Ludlow. Wakakaa humo katika theluji. Sisi tunanung'unika paa likivuja!

Chini ya mahema walichimba mashimo ya kujificha risasi. Askari wa jimbo walipowashambulia, mahema yakateketea, na katika shimo moja watoto 11 na akina mama 2 wakafa kwa kukosa hewa. Mary alitoka hai, bila watoto wake.

Mgomo ulikwisha Desemba 1914, wachimbaji wakiwa hawakupata walichodai. Shimo lile limehifadhiwa hata leo.