Kumbe Tatizo Lilikuwa Klachi!

Jamani, nikiri tu: miaka miwili nilikuwa abiria wa kudumu. Baba watoto alinifundishia pikipiki yake kubwa, ikanizimikia kilimani mara sita, ya saba tukalala chini, mimi na chuma. Hakunicheka. Alinyamaza, na ule ukimya uliniuma kuliko goti. Nikajiaminisha mimi sio mtu wa pikipiki.

Mwaka jana binamu yangu akaniazima Honda Super Cub. Hii kitu ilitoka Japani 1958, na wenyewe Honda walitaka hata kijana anayepelekea wateja tambi za soba aiendeshe kwa mkono mmoja. Kwa hiyo hakuna klachi ya kubana mkononi. Unakanyaga gia tu, klachi inajiachia na kushika yenyewe. Kwenye foleni ukiachia mafuta, inaunguruma pale pale, haizimi. Katikati pako wazi, hurushi mguu juu ya kiti, hata na sketi unapanda (wadada mnanielewa). Injini imelazwa chini, basi uzito haukuvuti pembeni. Kufikia 2017 zilishatengenezwa milioni 100, sio bure!

Haina mbio, na shimo kubwa utalisikia mgongoni. Lakini siku ya pili nilijikuta naangalia miembe ya watu badala ya mikono yangu mwenyewe.

Jumamosi nikampakia baba watoto hadi sokoni. Kilima kile kile.

"Punguza basi, mama watoto," akasema, kanishika kiuno kwa mikono miwili.