Baba Anayelea Peke Yake Kangema: Njia ya Kutoka Kwenye Ukata na Kukosa Makao (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza ni vipi mwanamume aliyezaliwa Kangema, kaunti ya Murang'a, katikati ya chai na kahawa, hufikia kukosa pa kulaza ubavu. Kwa msomaji anayejiunga nasi leo, kisa ni hiki kwa ufupi. Mwaka 1954, Hali ya Hatari ikiwa imepamba moto, serikali ya kikoloni ilianza kuwaondoa watu wa Murang'a, wakati huo Fort Hall, kwenye maboma yao na kuwasonga katika vijiji vya ulinzi. Waliohamishwa hivyo katika eneo zima la Kati walizidi milioni moja. Mwaka huohuo ukaja Mpango wa Swynnerton, uliounganisha vipande vya ardhi na kuvitolea hati. Aliyekuwa akilima kwa hisani ya ukoo mwingine, yaani muhoi, hakuandikwa popote. Katika Fort Hall kazi hiyo ilijaa hila hata ikabidi sehemu kubwa irudiwe uhuru ukikaribia. Waliopata hati nao waliwagawia wana, wana wakawagawia wajukuu, na leo vijisehemu vingine havitoshi hata msingi wa nyumba.

Leo tunamfuata mwanamume huyo akiwa na mtoto. Mama hayupo: pengine amefariki, pengine ndoa imevunjika, pengine alikwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani na mawasiliano yakakatika. Baba wa namna hii huinukaje? Jibu nitakalolitetea ni kwamba kinachomkwamisha kabla ya kingine chochote ni kukosa mtu wa kumshikia mtoto wakati wa kazi, na kwamba msaada usioanzia hapo humfikia ukiwa umechelewa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana, na hawakubagua kama mkono huo ni wa mama au wa baba.

Umaskini uliojificha

Kwanza tuelewe kwa nini baba huyu haonekani. Katika utafiti wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16, Shirika la Takwimu la Kenya (KNBS) lilikuta kwamba asilimia 36.1 ya Wakenya waliishi chini ya mstari wa umaskini. Murang'a ilikuwa na asilimia 25.3 na Nyeri asilimia 19.3. Kwa takwimu hizo, kaunti za Mlima Kenya huhesabiwa kuwa zenye nafuu, na aliyekosa huona haya kujitaja mbele ya majirani wenye mabati mapya na ng'ombe wa maziwa.

Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani ya mwaka 2018 ilipata watu 46,639, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa Nairobi. Baba wa Kangema hayumo humo, kwa sababu halali barabarani. Analala jikoni kwa ndugu, au katika stoo ya duka analolinda, au katika chumba cha ploti chenye kodi ya miezi iliyolimbikizana. Anahama kila baada ya muda mfupi, na mtoto anahama naye, mara nyingi akibadilisha shule. Hayo nayo ni kukosa makao, ingawa hakuna karani anayeyaandika.

Saa za kazi na saa za mtoto

Sasa tuangalie kazi zinazopatikana Kangema kwa mtu asiye na shamba wala cheti. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Majani lazima yafike kwenye kituo cha ununuzi kabla ya lori la kiwanda, kama kile cha Kanyenya-ini, kupita na kuyachukua. Anayeingia shambani kwa kuchelewa anakosa kilo, na kilo ndiyo chakula cha jioni. Majani huwa mengi zaidi wakati wa mvua, na hapo ndipo mtoto mdogo hawezi kuachwa pembeni mwa shamba. Kahawa nayo haina subira: matunda mabivu humenywa siku ileile, kwa hiyo mchumaji hujaza madebe yake mapema ili yawahi mizani ya kiwanda cha ushirika. Kwenye mjengo, kibarua anayefika saa tatu hukuta koleo lake limeshikwa na mwingine. Mwendeshaji boda boda hupata abiria wengi alfajiri na jioni, wakati uleule ambao mtoto anatayarishwa kwenda shule au anarudi nyumbani.

Linganisha na saa za mtoto. Elimu ya awali, PP1 na PP2, humpokea akiwa na miaka minne, na katika shule nyingi humrudisha nyumbani mchana. Kabla ya miaka minne hakuna shule ya umma inayompokea. Kwa hiyo baba wa mtoto wa miaka miwili ana njia tatu: kumfungia ndani, jambo la hatari, kwenda naye kazini, jambo ambalo waajiri wengi hawalitaki, au kuacha kazi yenye ujira mzuri na kushika vijibarua vya hapa na pale. Wengi huchukua njia ya tatu. Baada ya miezi michache kodi inalala, na baada ya kodi kulala mlango unapigwa kufuli.

Akina mama wanaolea peke yao wamebeba mzigo huu miaka nenda miaka rudi, na wala siwapunguzii heshima yao. Lakini mama wa Kangema ana mtandao ambao baba hana. Yumo katika Woman's Guild ya kanisa la PCEA au chama cha akina mama Wakatoliki, yumo katika chama cha merry-go-round, na jirani atamshikia mtoto bila maswali mengi. Baba akiomba msaada huohuo kwa mama jirani, maneno huanza. Akimwogesha binti yake uani, watu hutazamana. Tena katika eneo ambalo pombe haramu imewaharibu wanaume wengi, mwanamume asiye na kazi maalumu hudhaniwa mlevi hadi athibitishe vinginevyo. Dhana hiyo inamwumiza asiyekunywa, na inamsukuma kwenye chupa yule aliyekuwa anajikaza.

Funzo kutoka San Francisco

Mwaka 2006 watu wengi duniani walitazama filamu juu ya Chris Gardner, Mmarekani ambaye mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akijifunza kazi ya kuuza hisa jijini San Francisco huku hana nyumba na ana mtoto mdogo wa kiume. Walilala hata katika choo cha kituo cha treni. Baadaye alifungua kampuni yake mwenyewe huko Chicago. Wengi huisimulia habari hiyo kama ushindi wa mtu mwenye bidii, na bidii kweli alikuwa nayo. Kuna jambo jingine ndani yake ambalo ningependa tulishike. Kanisa la Glide Memorial lilikuwa na makazi kwa ajili ya wanawake wasio na makao. Gardner aliomba aingizwe humo pamoja na mwanawe, na mchungaji Cecil Williams akakubali. Mlango uliomwokoa haukuwa umetengenezwa kwa ajili ya baba mwenye mtoto; ulifunguka kwa sababu mtu mmoja mwenye mamlaka alimtazama mtoto kwanza.

Milango ya Kenya

Je, milango yetu ikoje? Mpango wa Inua Jamii hulipa Sh2,000 kwa mwezi kwa kaya maskini zinazolea mayatima na watoto walio katika hali ngumu. Sehemu hiyo ya mpango ilianza kwa majaribio mwaka 2004, na hulenga mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili, au ambaye mlezi wake anaugua kwa muda mrefu. Mjane wa kiume anaweza kuingia, na ni muhimu aende kwa chifu na kwa afisa wa ustawi wa jamii kujiandikisha. Aliyeachwa na mke aliye hai hukwama mlangoni, hata kama watoto wake wana njaa ileile.

Hazina ya Uwezo ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hazina ya Vijana inakoma mwisho wa umri wa ujana, ambao Katiba inaufikisha kabla ya miaka 35. Malipo ya wazee yanaanzia miaka 70. Mwanamume wa miaka 40, mwenye afya, anayelea watoto watatu, hana kundi. Kinachobaki ni Hazina ya Hustler, iliyozinduliwa Novemba 30, 2022, inayomkopesha mtu mzima yeyote kuanzia Sh500. Mkopo huo hulipwa ndani ya siku 14. Unamfaa mwenye biashara inayozunguka haraka, kama anayenunua ndizi asubuhi na kuziuza jioni. Anayeuchukua ili alipe kodi atajikuta na deni la pili baada ya wiki mbili.

Hatua za kuinuka

Kwa kuzingatia hayo, mpangilio wa hatua una uzito mkubwa. Nitaueleza kama ninavyouamini.

Ya kwanza ni mlezi wa mchana. Kwa desturi ya Wagikuyu binti wa kwanza hurithi jina la mama wa baba, na shosho humpenda wajina wake kwa namna ya pekee. Baba asione aibu kurudi kwa mama yake na kuzungumza naye kwa heshima: nisaidie mchana, nami usiku ni wangu na chakula ni changu. Pasipo shosho, wazazi watatu au wanne wa ploti moja, wanaume kwa wanawake, wanaweza kupeana zamu, kila mmoja akibaki siku yake.

Ya pili ni karatasi. Kwa muda mrefu cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa nje ya ndoa kilitolewa bila jina la baba, isipokuwa mama akubali. Mahakama Kuu iliona mwaka 2016 kwamba kifungu cha sheria kilichoagiza hivyo kinakiuka Katiba. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 nayo inasema baba na mama wana wajibu sawa, na hakuna aliye na haki ya juu kuliko mwenzake, wawe walioana au la. Maana yake baba anaweza kwenda katika mahakama ya Kangema kuomba amri ya malezi, na anaweza kudai mama aliye na kipato achangie. Cheti cha kuzaliwa ndicho kinachomwezesha mtoto kuandikishwa shuleni na kuwekwa chini ya bima ya afya ya SHA, ambayo mchango wake wa chini kabisa ni Sh300 kwa mwezi.

Ya tatu ni paa. Chumba kilicho karibu na shule na karibu na mlezi ni bora kuliko cha bei nafuu kilicho mbali, kwa kuwa muda unaookolewa ni ujira. Ajihadhari na kazi ya ulinzi inayokuja na mahali pa kulala: siku anapofutwa, anapoteza kazi na makao kwa pamoja. Ajue pia kwamba Sheria ya Udhibiti wa Kodi inalinda nyumba za kuishi zenye kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi. Mwenye nyumba kama hiyo hana ruhusa ya kumfukuza mpangaji au kukamata vyombo vyake bila idhini ya mahakama ya wapangaji. Vyumba vingi vya mabati na mbao huangukia humo, na wapangaji wengi hawajui.

Ya nne, sasa ndiyo pesa. Akiba ndogo katika chama, kisha katika ushirika wa akiba na mikopo. Murang'a ina historia nzuri ya jambo hili: Unaitas, unaojulikana sasa nchi nzima, ulianza kama Muramati, ushirika wa wakulima wa chai wa hapahapa. Na akiba ya kwanza itumike kununua ujuzi. Kangema kuna taasisi ya kiufundi yenye jina la marehemu John Michuki, aliyekuwa mbunge wa eneo hilo. Fundi anayejua kazi bila cheti anaweza pia kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu. Fundi bomba au fundi umeme aliyethibitishwa hupanga saa zake mwenyewe, na kwa baba anayelea peke yake uhuru huo una thamani kama nyongeza ya mshahara.

Wajibu wa kaunti

Hatua hizi nne bado zinamtwika mtu mmoja mzigo wa jamii. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, linapotaja kazi za kaunti, linaweka elimu ya awali pamoja na vituo vya kutunzia watoto. Maneno hayo yamo kwenye Katiba, lakini kituo chenyewe ni vigumu kukiona sokoni. Chumba kimoja safi kando ya soko la Kangema, chenye walezi wawili waliofunzwa, kikifunguliwa kabla ya wachumaji kuingia shambani na kufungwa baada ya mizani, kingewafaa akina mama wengi na akina baba hawa wachache kwa pamoja. Madarasa ya PP1 na PP2 yakiendelea hadi jioni, kibarua angepata siku nzima ya kazi badala ya nusu. Wala hili si jambo la kuwanyang'anya wanawake fungu lao. Fedha zifuate mtoto, na yeyote anayemlisha na kumlaza ahesabiwe kuwa mlezi.

Ombi langu kwa machifu na wazee wa nyumba kumi wa Kangema na wa miji jirani ya Kiriaini na Othaya ni kwamba wasisubiri sheria mpya. Waandike leo majina ya wanaume wanaolea watoto peke yao katika maeneo yao, na mahali wanapolala. Bila orodha hiyo hakuna afisa wa ustawi atakayewatembelea, na hakuna mwakilishi wa wadi atakayetenga shilingi kwa ajili yao.

Wiki ijayo, katika sehemu ya mwisho, tutautazama mpango wa makazi wa Solio, Laikipia, ambako familia zisizo na ardhi kutoka Nyeri zilipewa mashamba, tuone ni nini ambacho ardhi hutatua na ni nini ambacho haitatui.