Wimbo wa Zamani na Nyuso za Wapita Njia

Siku ya soko mjini Kikima, juu ya vilima vya Mbooni katika kaunti ya Makueni, pale wauza mitumba, maembe na vyondo wanapobanana na matatu zinazoita abiria, ni nadra kukosa kusikia gitaa la benga likilia kutoka katika kibanda fulani. Na huenda gitaa hilo likawa la Kakai Kilonzo, msanii aliyezaliwa mwaka 1954 na kufariki mwaka 1987, ambaye pamoja na bendi yake ya Kilimambogo Brothers aliimba kwa Kikamba na kwa Kiswahili hata akapendwa mbali na Ukambani. Basi mtu wa makamo aliyekuja kununua mbegu, wimbo ule ukimfikia sikioni, husita. Na kinachomjia si sura ya mkewe aliyezaa na kulea naye, bali ya binti mmoja mzuri aliyeketi mkabala naye ndani ya basi la Machakos zamani za ujana, wasisemezane neno, akateremka njiani asionekane tena. Na mama auzaye nyanya hapo jirani yamkini naye yumo katika safari iyo hiyo, akimkumbuka kijana wa kwaya ya ugenini. Kwa nini ashiki isiyokuwa na mwanzo wala mwisho ihifadhiwe kwa uaminifu namna hii, ilhali mambo mengi mazito ya umri ule yamekwisha kusahauliwa?

Tuanze na mtazamo wenyewe. Mwaka 2001 Knut Kampe na wenzake wa University College London walitangaza katika jarida la Nature matokeo ya kuwaonyesha watu picha za nyuso wasizozijua, huku mitambo ikipima harakati za ubongo wao. Ilidhihirika kwamba uso mzuri ulipomwelekezea mtazamaji macho, sehemu za ndani za ubongo zishughulikazo na matarajio ya thawabu ziliamka. Bali uso mzuri uliotazama kando ulizifanya zipoe. Kumbe jicho la mpita njia, hata likitupwa mara moja tu, hupokewa na ubongo mithili ya ahadi.

Ahadi hiyo huangukia pia wakati wenye rutuba. Wazee wakiulizwa habari za maisha yao, kumbukumbu zao hujazana kupita kiasi katika miaka iliyo baina ya 10 na 30 ya umri. Kwani huo ndio wakati wa mambo mengi ya mara ya kwanza, nao ndio wakati mtu anapojiundia nafsi yake, na msisimko wa moyo, kwa msaada wa homoni zinazomiminika mwilini, huzidi kuyakaza katika kumbukumbu yale yaliyotokea.

Ama wimbo, kazi yake ni kufungua. Mwaka 2009 Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, aliwasikilizisha wanafunzi nyimbo zilizovuma walipokuwa watoto na vijana, akaona kwamba nyimbo zilizoamsha kumbukumbu za maisha ziliishughulisha hasa sehemu ya ubongo iliyo nyuma ya kipaji cha uso, karibu na katikati, ambayo hutumika vilevile mtu anapojifikiri mwenyewe. Miaka miwili baadaye Valorie Salimpoor na wenzake wa Montreal wakabainisha kwamba dopamini, kemikali ihusikayo na thawabu, hutolewa katika ubongo hata kabla ya kufika kile kipande cha muziki kinachompendeza zaidi msikilizaji, yaani katika kukingojea. Mpenzi wa benga hahitaji kufafanuliwa: anajua moyo unavyotangulia kuruka, waimbaji wanapokaribia kunyamaza na kuliachia gitaa uwanja.

Lakini hayo yote bado hayajaeleza kwa nini aje mgeni wa njiani, asije mwenza wa nyumbani. Jawabu, kwa maoni yangu, limo katika kanuni ambayo wanasaikolojia wameijadili tangu miaka ya 1970: kidokezo kinachohusiana na mambo machache hukumbusha kwa nguvu, na kinachohusiana na mambo mengi hulemewa. Kigingi kilichofungwa mbuzi mmoja, ukivuta kamba unajua nani atakuja; kilichofungwa mbuzi kumi hukuachia mafundo tu. Utenzi unaoimbwa kanisani kila Jumapili kwa miaka thelathini haumrudishii muumini Jumapili yoyote mahususi, maadamu umekwisha kufungamana na Jumapili zote. Bali wimbo uliovuma redioni msimu mmoja, kisha ukatoweka, umebaki na msimu wake na uso wake.

Wala tusidhani kwamba uso huo umehifadhika kama ulivyokuwa. Frederic Bartlett wa Cambridge alikwisha kuonyesha katika kitabu chake cha mwaka 1932 kwamba kukumbuka ni kujenga upya, na kwamba mjenzi huziba mapengo kwa kile anachokitarajia. Yule tuliyeishi naye hutusahihisha kila siku kwa hasira yake, maradhi yake na wema wake. Mgeni wa njiani hana wa kumsahihisha, kwa hiyo kila wimbo unapopigwa huweza kuongezewa tabasamu ambalo labda hakulitoa, na upole ambao hatukupata kuujaribu.

Kwa hiyo nguvu ya kumbukumbu isifanywe mizani ya mapenzi. Mume anayesisimkwa na wimbo wa kale hakumkosa mwanamke bora kuliko mkewe. Amekutana kwa dakika chache na kijana aliyekuwa yeye mwenyewe, na wivu juu ya kijana huyo hauna faida. Na mke ambaye hana wimbo mmoja wa kumkumbusha asijione amepunjwa, kwani amefungamana na nyimbo nyingi mno hata hakuna mmoja uwezao kumdai kuwa wake peke yake.