Umbo Ndilo Linaloamua Ncha za Molekuli

Bondi za kaboni na oksijeni katika CO₂ zina ncha, lakini molekuli yenyewe haina. Kwa nini? Ukiweza kujibu swali hili, utaweza kujibu mengi yanayofanana nalo.

Bondi ya kovalenti hutokea atomu mbili zinapochangia jozi ya elektroni. Kuchangia huko si lazima kuwe sawa kwa sawa. Uwezo wa atomu kuvuta elektroni za bondi huitwa elektronegativiti. Katika kipimo cha Pauling, oksijeni ina 3.44, kaboni 2.55 na haidrojeni 2.20. Hivyo oksijeni huvutia elektroni upande wake na kupata chaji hasi kidogo (δ−), na mwenzake hubaki na chaji chanya kidogo (δ+). Hizo ndizo ncha za bondi.

Ili kujua ncha za molekuli, tafuta umbo kwanza. Makundi ya elektroni yanayozunguka atomu ya kati husukumana, kwa hiyo hukaa mbalimbali kadiri yawezavyo.

Kabonidayoksaidi (CO₂). Kaboni ina bondi mbili maradufu na haina jozi pweke, yaani jozi isiyochangiwa. Bondi hizo huelekea pande zinazopingana, kwa pembe ya 180°. Ni kama timu mbili zenye nguvu sawa zikivuta kamba: mivuto hufutana. Molekuli haina ncha.

Maji (H₂O). Oksijeni ina jozi mbili za bondi na jozi mbili pweke. Makundi manne yangekaa kwa pembe ya 109.5°, lakini jozi pweke husukuma zaidi, na pembe ya H–O–H hupungua hadi 104.5°. Molekuli imepinda, hivyo mivuto haifutani. Molekuli ina ncha.

Matokeo yake ni makubwa. Molekuli ya CO₂ ni nzito kuliko ya maji (44 kwa 18), lakini CO₂ iliyoganda hugeuka gesi kwenye −78 °C, na maji huchemka kwenye 100 °C. Molekuli za maji hushikana kwa nguvu kwa sababu ya ncha zake, hasa kupitia bondi za haidrojeni.

Hatua za kufuata
1. Hesabu jozi za bondi na jozi pweke za atomu ya kati.
2. Taja umbo.
3. Weka δ+ na δ− kwenye kila bondi.
4. Amua kama mivuto inafutana.

Jaribu: Kati ya BF₃ na NH₃, ipi ina ncha?

Jibu: NH₃. Nitrojeni ina jozi pweke moja, hivyo molekuli ina umbo la piramidi na mivuto haifutani. Boroni katika BF₃ haina jozi pweke. Molekuli ni pembetatu bapa yenye pembe za 120°, na mivuto mitatu hufutana.

Angalia: Usiandike tu "kwa sababu bondi zina ncha". Jibu kamili hutaja umbo pia.