Kalamu Isifukuzwe na Kibodi

Mwaka 1996, nilipokuwa nikifundisha hisabati katika shule moja iliyo kati ya Litein na Sotik, karatasi zetu za mtihani ziliandikwa na watu wawili. Karani alipiga maneno kwa taipureta juu ya stensili, akaacha nafasi tupu kila palipohitajika fomula. Jioni, ukungu ukitanda juu ya mashamba ya majani chai, niliketi ofisini nikichora vipeuo na akisami kwa kalamu ya chuma, polepole, maana stensili ikipasuka kazi yote ilianza upya.

Kisha tarakilishi ikaja, nasi tukaiaga kalamu. Muhula mmoja nilitaka wanafunzi wa Kidato cha Pili watafute thamani ya akisami yenye x + 1 juu na x – 1 chini, ikiwa x ni 3. Karatasi ilitoka imechapwa hivi: x + 1/x – 1. Waliokisia nia yangu walipata 2. Waliofuata kilichoandikwa walipata 2⅓, nami kwa pupa ya kusahihisha nikawanyima alama. Msichana mmoja alinijia na karatasi yake akauliza, "Mwalimu, kosa langu ni lipi?" Sikuwa na jibu. Nilizikusanya karatasi zote nikazisahihisha upya.

Naam, ningeweka mabano. Hata hivyo, maneno hutembea katika mstari mmoja na kibodi huyamudu. Fomula hupanda, hushuka, hujificha chini ya kipeuo. Profesa Donald Knuth wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alipochukizwa na sura ya fomula za kitabu chake, alianza mwaka 1977 kuunda TeX, programu inayopanga hisabati kwa amri za kibodi. Ni kazi ya kusifiwa, lakini mwalimu aliyelemewa na vipindi atajifunza amri hizo lini?

Wengine waliikumbuka kalamu. Windows 7, iliyotolewa mwaka 2009, ilikuwa na kidirisha cha kuandikia fomula kwa mkono, nayo mashine ikaigeuza kuwa chapa. Kweli, mashine hukosea, ikasoma 2 kuwa z. Basi umbo lichorwe kwa kalamu, na herufi iliyokosewa irekebishwe kwa kibodi.

Ninalolihofia zaidi ni kwamba baadhi yetu walimu tumeanza kuchagua maswali yaliyo rahisi kuchapa. Mtoto huja kukutana na akisami ndani ya akisami katika KCSE kana kwamba ni mgeni asiyemjua.

Walimu wakuu wa Kericho na Bomet, mnaponunua tarakilishi, nunueni pia vibao vya kuandikia kwa kalamu. Kwa sasa mimi huchapa maneno, nikaacha nafasi, nikajaza fomula kwa wino mweusi kabla ya karatasi kwenda kutolewa nakala. Vijana wa ofisini hunicheka.