Studio ya chumbani Boito: mwanga wa picha kwa chini ya Sh2,500

Bonasi ya chai ikiingia, kwa kawaida mwezi wa Oktoba, Boito hubadilika sura. Fundi wa nguo halali, na kila wikendi kuna koito kwa mtu. Watu wamevaa, wamependeza, na wanataka picha. Halafu Januari inafika, shule zinafunguliwa, na mzazi anaambiwa alete picha za pasipoti za mtoto kesho asubuhi. Wengine hupanda matatu hadi Litein au Bomet mjini kwa kazi ya dakika tano tu.

Hiyo nauli ingeweza kubaki hapa, tena kwako. Kamera tayari unayo, iko kwenye simu. Shida ni mwanga. Ndani ya chumba cha mabati chenye dirisha dogo, simu hujilazimisha kuongeza mwanga ambao haupo, na ndipo unapata picha yenye punje punje na uso uliofifia kama umepakwa majivu. Mteja akiona hivyo mara moja, harudi.

Kuna watu waliofanya kazi hii kwa vifaa vya kawaida kabisa kabla yetu. Miaka ya 1990, wapiga picha wa kivuko cha feri cha Likoni, Mombasa, walijenga vibanda vya picha kando ya njia kwa vitambaa, mapambo na mandhari za kuchorwa. Hawakungoja jengo la kukodi mjini. Walikaa pale watu wanapopita. Hilo ndilo la kuiga.

Anza na dirisha, kwa sababu ni la bure. Tuko karibu sana na ikweta, kwa hivyo jua hutoka karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima, na unaweza kupanga wateja kwa saa. Lakini wewe unaijua mvua ya huku: alasiri mawingu yakishuka, chumba kinakuwa giza saa tisa. Picha za dirishani zipige kati ya saa tatu na saa sita. Mketishe mteja ubavu kwa dirisha, kama mita moja hivi, na utundike pazia jepesi jeupe ili jua lisimchome usoni. Upande wa pili wa uso, ule wenye kivuli, weka kadibodi uliyoifunika kwa foili ya jikoni. Geuza upande wa foili usiong'aa sana uelekee uso, la sivyo utaona madoa ya mwanga shavuni. Na kama majani chai yamesongea hadi dirishani, angalia rangi ya ngozi kwenye picha. Kijani kile kizuri cha shambani kinaweza kurudi ndani na kumfanya mtu aonekane mgonjwa.

Kwa siku za mvua na wateja wa jioni, utahitaji balbu. Sisi tulijaribu katika chumba cha kupanga cha futi kumi kwa kumi, na matumizi yetu yalikuwa hivi: shuka jeupe la mtumba Sh200, balbu mbili za LED za wati 15 Sh500, soketi mbili Sh160, waya na plagi Sh300, foili Sh150, na kisimamishio cha simu cha miguu mitatu Sh900. Jumla Sh2,210. Bei ya kwenu inaweza kupanda au kushuka kidogo, lakini hapo ndipo hesabu inakaa. Kazi ya kuunganisha waya mpe fundi wa stima. Tafadhali, hiyo si ya kujaribu.

Ukinunua balbu, soma boksi. Zilizoandikwa 6500K zina mwanga mweupe, za 3000K ni za manjano. Chagua aina moja na usichanganye, na usiwashe balbu ya manjano huku dirisha liko wazi. Uso utakuwa na rangi mbili na hakuna programu itakayokuokoa.

Mambo mengi huharibikia kwenye umbali. Balbu ikiwa mita moja kutoka usoni, kisha uipeleke mita mbili, mwanga unaomfikia mteja haubaki nusu, unabaki robo. Kwa hivyo kabla hujakimbia dukani kununua balbu ya tatu, sogeza hizo mbili karibu. Tundika kitambaa cheupe kati ya balbu na mteja ili mwanga uwe laini, lakini kiache mbali na balbu, angalau sentimita 30. Zile balbu za zamani zinazochemka usiziweke karibu na kitambaa kabisa.

Kwa picha ya pasipoti, mteja akae mita moja mbele ya shuka jeupe, vivuli visimwangukie nyuma. Simu ikiona weupe mwingi hudhani kuna mwanga wa kutosha, inapunguza, na mtu mwenye ngozi nyeusi anatoka giza tupu. Gusa uso wake kwenye skrini, kisha vuta mwanga juu kidogo. Ukiona mistari mistari inapita kwenye picha, hiyo ni balbu inayopepesa: stima yetu ni ya 50Hz, na balbu za bei rahisi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kama simu yako inaruhusu kuchagua kasi ya kamera, weka 1/50 au 1/100. Kama hairuhusu, badilisha balbu.

Tokeni zisikutishe. Balbu mbili za wati 15 zikiwaka saa nne zinakula uniti 0.12.

Sasa tuje kwa pesa, maana hapa ndipo tunaona vijana wakiumia. Taa za duara zinauzwa sana mitandaoni, na muuzaji anakuambia utume pesa yote kwa nambari yake binafsi kwanza. Usitume. Lipa ukishaona mzigo, au ulipe kwa nambari ya biashara ambayo jina lake unalithibitisha kabla ya kuweka PIN. Na hiyo taa usiichukulie mkopo wa simu. Tuseme mkopo ni Sh5,000 wenye ada ya asilimia 7.5 kwa mwezi: utarudisha Sh5,375 ndani ya siku 30, hata kama mwezi huo umepiga picha za watu watatu. Afadhali utenge Sh100 kila siku ya kazi kwenye akiba yako ya simu. Kwa wiki nne hivi, vifaa vyote tulivyotaja vimelipiwa.

Studio ikianza, chukua nambari ya tili. Pesa za kazi zitakaa kando na za nyumbani, na jioni utajua umeingiza ngapi bila kubahatisha. Msimu wa koito una fujo zake: watu kumi mlangoni, mmoja anakuonyesha meseji kwenye simu yake kwamba ameshalipa. Meseji ya mteja si malipo. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kumpa picha, hata kama ni jirani, hata kama ana haraka. Na mtu akipiga simu kusema ametuma kimakosa, anataka umrudishie, usitume kwa mkono wako. Mwambie aombe muamala urudishwe kupitia huduma kwa wateja. PIN yako hatutaiuliza kamwe.

Kwa picha za familia nzima, omba nusu ya malipo siku ya kuweka nafasi, na umwandikie mteja meseji yenye tarehe, saa na kiasi kilichobaki. Mvua ya radi ikianza katikati ya kazi, chomoa plagi na mngoje ipite.