Hesi isiyo na tapu dukani



Safari hii hatuandiki habari za ada wala za mkutano. Tunaandika habari za hesi ya ndani, yaani yale meno yanayokatwa ndani ya tundu ili bolti iingie na kukaza. Mtu wa nje atauliza, jambo hilo la mafundi linakihusu nini chama? Linakihusu, kwa sababu mwenzetu mmoja alikatwa mshahara kwa ajili ya sehemu sita za mia za milimita.

Mwenzetu huyo ni kijana wa mashine ya kerezo katika karakana moja ndogo hapa Mutanga Sud. Ililetwa fremu ya baiskeli ya mizigo, moja ya hizi zinazoshusha ndizi kutoka vilimani. Lile bomba la chini, ambamo ekseli ya pedali inapita, hesi yake ya upande wa kushoto ilikuwa imelika kabisa. Tapu ya kuikata upya haikupatikana dukani. Patroni akatoa amri: tengeneza pete mpya, milimita 35, hatua milimita 1, tuichomelee mahali pa hesi ya zamani. Kijana akafanya kama alivyoambiwa. Kikombe cha gololi kikaingia mizunguko minne, wa tano kikakaza, wakaongeza nguvu ya spana, na meno yakang'oka. Mwisho wa mwezi akakuta amekatwa bei ya chuma, ya kuchomelea na ya kikombe.

Tulikwenda kupima. Baiskeli za Kiingereza zina kipenyo cha inchi 1.37, karibu milimita 34.8, na meno 24 katika kila inchi. Inchi ni milimita 25.4, basi hatua kutoka jino mpaka jino ni milimita 1.058. Zile 35 kwa 1 ni za baiskeli za zamani za Kifaransa. Ukiziweka mezani hutazitofautisha kwa macho. Lakini kila mzunguko unaongeza tofauti ya 0.058, na mizunguko mitano ni karibu milimita 0.3. Hapo chuma hakina pa kwenda. Kumbe rula ya shilingi chache ingetosha: hesabu hatua kumi juu ya kikombe. Zikichukua milimita 10 kamili ni ya Kifaransa. Zikizidi nusu milimita na kidogo, ni ya Kiingereza.

Tuliketi na patroni mara mbili. Si mtu mbaya. Ukutani alikuwa na jedwali moja tu, na hilo ni la metriki peke yake. Tulimwonyesha kwamba kipimo alikitoa yeye. Tulimsomea pia Mkataba Na. 95 wa 1949 wa Shirika la Kazi Duniani, unaosema mshahara haukatwi ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au mapatano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Hasira ya patroni haimo katika orodha hiyo. Alirudisha fedha za chuma na za kuchomelea. Za kikombe hajarudisha, na bado tunazidai.

Msidhani mambo haya ni ya baiskeli tu. Whitworth alipanga hesi za Uingereza mwaka 1841, pembe ya jino digrii 55. Sellers wa Marekani alitoa yake mwaka 1864, digrii 60. Nchi za metriki zilipatana Zürich mwaka 1898, nazo zikachukua digrii 60. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana hesi moja ya inchi ya digrii 60, lakini mabomba ya maji mpaka leo yana digrii 55 za Whitworth. Sisi tulitawaliwa na Wabelgiji, watu wa metriki. Majirani zetu wa Tanganyika, Kenya na Uganda walitawaliwa na Waingereza, watu wa inchi. Mali nyingi hutufikia kwa njia ya Dar es Salaam. Ndiyo maana uani mwa karakana moja utakuta nati za aina nne, na fundi anatakiwa kuzijua zote.

Sasa kazi yenyewe. Tapu isipokuwepo, hesi ya ndani hukatwa kwa kisu kimoja kilichofungwa kwenye fimbo. Kwanza toboa tundu kwa kipimo: kwa kukadiria, kipenyo cha hesi kutoa hatua yake. Kwa hiyo pete ya 35 kwa 1 hutobolewa 34, na ile ya Kiingereza kama 33.7. Noa kisu kwa pembe ya hesi unayoikata, kikae sawasawa na kitovu cha kazi. Taabu kubwa ni fimbo. Ni nyembamba, imejinyoosha ndani ya tundu, nayo hupinda kidogo ikisukumwa. Fundi husoma namba kwenye gurudumu, lakini kisu hakijafika huko. Ndiyo sababu unakata kidogo kidogo, na mwisho unapita mara mbili tatu bila kuongeza kina, mpaka kisu kisiokote kitu. Anayesimama mlangoni na saa akisema kijana anacheza, hajui kazi hiyo.

Kerezo ya metriki inayokata hesi ya inchi inahitaji gia ya meno 127, kwa kuwa 127 ni nusu ya 254. Gia hiyo ni kubwa na mara nyingi haimo sandukuni. Mafundi wa zamani walipata njia: mahali pa uwiano wa 127 kwa 100, weka 80 kwa 63. Tofauti yake haifiki sehemu mbili za kumi za milimita katika mita nzima. Kwa pete ya baiskeli si kitu. Ila usifungue ile nati ya kushika skrubu ya kuendeshea. Vuta kisu nje ya meno, rudisha mashine kinyumenyume, anza tena. Na kama chaki ya mashine yako imefungwa kwa hesi tu, isimamishe kwanza kabla ya kugeuza, maana inaweza kufunguka na kukurukia.

Upande wa kulia wa baiskeli ya Kiingereza hesi ni ya kushoto. Hiyo usiikate kutoka nje kuingia ndani. Chimba mfereji mdogo mwisho wa hesi, anzia humo, kisu kitembee kuja nje huku mashine ikizunguka kama kawaida. Kisu kikija nje hakiwezi kugonga ukuta wa ndani, wala mkono haukimbizani na chaki.

Fremu nzima, ndugu zangu, haifungwi kwenye kerezo izunguke. Bora mjitengenezee tapu. Kata hesi juu ya chuma cha zana, chonga mifereji, kichomwe mpaka wekundu wa moto, kizamishwe kwenye mafuta, kisha kisuguliwe na kupashwa polepole mpaka kipate rangi ya majani makavu. Ni kazi ya siku nzima au zaidi, na siku hiyo ilipwe kama siku ya fundi, si kwa bei ya pete moja.

Kabla ya mkutano ujao kila mjumbe ahesabu gia za kubadili zilizomo katika karakana yake, aandike idadi ya meno, ukubwa wa jino na kipenyo cha tundu, atuletee karatasi. Zikilingana, mwenye 63 atamwazima asiye nayo.